Uliza Gunia Limetoka Wapi

Kabla hujalipia ziara ya kiwanda cha chokoleti, piga simu uulize jambo moja: kokoa mnaikaanga wenyewe? Ukijibiwa ndiyo, nenda. Ukijibiwa kwa maneno ya kuzunguka, ujue unakwenda mahali ambapo chokoleti iliyokwisha kutengenezwa na kiwanda kikubwa hununuliwa kwa kilo, huyeyushwa, hutiwa njugu au krimu, kisha humiminwa kwenye kalibu. Hiyo nayo ni kazi yenye ustadi wake, na wapo mafundi wanaoifanya vizuri sana. Lakini hutaona gunia, hutasikia harufu ya kokoa ikikaangwa, na ukiuliza habari za mkulima hakuna atakayekujibu. Ninayoyasema hapa ni kwa ajili ya anayekwenda kwenye kiwanda kidogo kinachoanza na punje na kuishia na bapa la chokoleti lililofungwa karatasi, vyote chini ya paa moja.

Viwanda vya namna hiyo ni vingi Marekani na Ulaya na ni vichache kwetu, lakini kwenye rafu zake Mswahili atakuta majina anayoyajua. Dandelion ya San Francisco, iliyoanzishwa na Todd Masonis na Cameron Ring mwaka 2010, hutengeneza chokoleti ya asilimia 70 kwa kokoa ya Kokoa Kamili, kituo kilichopo Mbingu, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Raaka ya Brooklyn nayo imetumia kokoa ya kituo hichohicho. Askinosie ya Springfield, Missouri, iliyoanzishwa na Shawn Askinosie baada ya kuacha uwakili wa kesi za jinai, hununua kokoa ya wakulima wa Mababu, wilayani Kyela, na jina la Mababu huandikwa mbele ya pakiti. Dar es Salaam wapo Chocolate Mamas. Huko Mutwanga, Kivu Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ina kiwanda chake, ingawa hali ya usalama ya eneo la Beni hainiruhusu kumshauri mtu aende kutembea. Chokoleti yake itafute madukani.

Kwa hiyo usiingie kiwandani kama mtu aliyekuja kufundishwa tu. Kama umekulia mahali panapolimwa kokoa, kama Kyela, Busokelo au Bundibugyo, nusu ya kazi utakayoelezwa umeifanya kwa mikono yako au umeiona ikifanywa uani kwenu. Anayeongoza wageni huenda ameiona kwenye picha peke yake.

Na nusu hiyo ndiyo yenye ladha. Punje mbichi ya kokoa haina ladha ya chokoleti hata chembe. Ni chungu na ina ukakasi. Tunda likishapasuliwa, punje hutolewa pamoja na utelezi wake mweupe wenye utamu, hurundikwa kwenye masanduku ya mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba. Hamira ya asili huugeuza ule utamu kuwa kileo, bakteria hukigeuza kileo kuwa siki, na rundo hupata joto la nyuzi 45 hadi 50. Kiinitete kilicho ndani ya punje hufa, na hapo ndipo vinapojengeka vitu ambavyo moto wa kukaangia utakuja kuvigeuza kuwa harufu na ladha. Kuvundika huko huchukua siku 5 hadi 7, rundo likigeuzwa kila baada ya muda ili hewa iingie. Kisha punje huanikwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7. Fundi wa San Francisco anapofungua gunia, mambo makubwa yameshaamuliwa kijijini. Ladha aliyoletewa anaweza kuitunza au kuiharibu, lakini ladha ambayo haikuzaliwa kule hawezi kuiumba.

Ndiyo sababu ya Kokoa Kamili kufanya kazi yao wanavyoifanya. Tangu walipoanza mwaka 2013 hununua kokoa ingali mbichi, na utelezi wake, kutoka kwa wakulima wadogo, kisha huivundika na kuianika yote mahali pamoja. Mkulima mwenye ndoo mbili tatu hawezi kupata rundo kubwa la kutosha kushika joto. Akivundika peke yake, punje za pembeni hubaki mbichi na za katikati huiva. Rundo la wakulima wengi huiva sawasawa, na mkulima anaondoka na fedha yake bila kungoja wiki mbili za kuanika huku akiogopa mvua.

Ukiwa na haya kichwani, ziara yako itakuwa na uzito mwingine. Sasa twende kwenye maandalizi.

Weka nafasi mapema. Viwanda hivi hupokea vikundi vidogo, na siku za mwisho wa wiki hujaa. Lakini kama una uhuru wa kuchagua, chagua siku ya kazi. Jumamosi katika viwanda vingi mashine huzimwa, na utaonyeshwa vyombo vilivyooshwa vikang'aa huku ukisimuliwa vinavyofanya vikiwashwa. Uliza wazi: siku hiyo mtakuwa mnakaanga? Mtakuwa mnamimina? Wenye kiwanda hawachukizwi na swali hilo. Humtambua mgeni anayejali.

Vaa viatu vya kufunika vidole, na uwe tayari kuvishwa kofia ya wavu, hata ndevu nazo kufunikwa. Siku hiyo acha manukato, marashi na udi nyumbani, pamoja na losheni yenye harufu kali. Nawaomba hasa dada zangu wa pwani wanisikilize hapa. Mafuta ya kokoa hunyonya harufu ya kitu chochote kilicho karibu, na katika chumba cha kuonjea nguo moja iliyofukizwa udi huwafunika watu wote pua. Usinywe kahawa wala usile pilipili saa mbili kabla. Usiende na njaa pia, kwa kuwa mwenye njaa hubugia tu asijue alichokula. Nenda umekula kitu chepesi.

Kama una mzio wa maziwa, njugu au soya, sema wakati wa kuweka nafasi. Bapa la kokoa na sukari tupu linaweza kuwa limepita kwenye mashine iliyosaga maziwa asubuhi yake. Kwa Waislamu, jambo la kuuliza ni kileo. Chokoleti nyeusi ya kokoa na sukari haina shaka, lakini zile zenye krimu ndani mara nyingi hutiwa pombe, vanila ya maji hutolewa kwa kileo, na wapo mafundi wanaohifadhi kokoa ndani ya mapipa yaliyokuwa na wiski ili inyonye harufu yake. Usione haya kuuliza kimoja kimoja. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, panga ziara baada yake. Kukaa saa nzima ndani ya harufu ile bila kuonja ni kujitaabisha bure.

Watoto waende, ila wenye umri wa kusimama kimya kwa dakika arobaini. Kuonja kwenyewe kufanyike mchana. Kokoa ina kafeini kidogo na theobromini kwa wingi, na mtoto aliyeonja vipande nane vya chokoleti nyeusi jioni atawakesha wazazi wake.

Ukishaingia, elekea kwenye magunia. Soma kilichoandikwa. Gunia zuri limetajwa nchi, eneo, na chama au kituo kilichovundika, na mara nyingi mwaka wa mavuno. Gunia lililoandikwa nchi peke yake halina kosa, lakini linakupa sababu ya kuuliza zaidi. Uliza pia kama una ruhusa ya kuona punje iliyokatwa kati. Mafundi hukata punje kwa wembe ili kupima uvundikaji: iliyoiva vizuri ni ya kahawia na ina mifereji mifereji ndani, yenye rangi ya zambarau haikuvundikwa vya kutosha, ya kijivu, ngumu kama jiwe, haikuvundikwa kabisa. Ukionyeshwa hilo, ujue uko mahali penye watu wanaojua kazi na wasioficha.

Baada ya magunia huja meza ya kuchagulia, ambapo vijiti, vijiwe na punje zilizovunjika huondolewa kwa mkono. Wageni hupita haraka hapo. Wewe simama kidogo uangalie kilichotupwa, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kokoa ilishughulikiwa vipi ilikotoka.

Kukaanga hufanyika kati ya nyuzi 110 na 150 hivi, kwa muda wa dakika ishirini hadi nusu saa na ushei, na kila kokoa ina kipimo chake. Subiri harufu: mwanzoni utasikia siki ikikimbia, kisha kitu kinachokaribia mkate unaookwa, na mwisho kokoa yenyewe. Fundi makini hukaanga kwa moto wa wastani ili ladha ya shamba ibaki. Kuunguza kunaficha kasoro za kokoa mbovu, na kunaifanya kokoa ya Kilombero na ya nchi nyingine yoyote zifanane. Raaka, niliowataja juu, hawakaangi kabisa. Huo ni uamuzi wao wa makusudi, na chokoleti yao ina uchachu na matunda zaidi. Wao ndio wanaoivunja kanuni yangu ya simu, kwa hiyo ukijibiwa hapana, ongeza swali la pili: mnasaga wenyewe kutoka kwenye punje?

Punje zilizokaangwa huvunjwa, kisha mashine hupepeta. Makapi mepesi hupeperushwa, chenga nzito zikabaki. Omba chenga chache uzitafune. Hiyo ndiyo kokoa kabla ya sukari, na ulimi wako utakuwa umepata kipimo cha kulinganishia yote yatakayofuata.

Kutoka hapo utasikia mngurumo wa mawe. Chenga humiminwa kwenye mashine yenye mawe ya matale yanayozunguka, na kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa kokoa ni mafuta, hazibaki unga. Huwa uji mzito unaong'aa. Sukari hutiwa, na mawe huzunguka siku moja, mbili, wakati mwingine tatu. Mashine ndogo za aina hiyo asili yake ni India, ambako zilitengenezwa kwa kusagia mchele na dengu zilizolowekwa. Bila mashine hizo, mtu mwenye mtaji mdogo asingeweza kuingia kwenye kazi hii, kwani mitambo mingine mingi ilikuwa ya viwanda vikubwa. Uliza wanasaga kwa muda gani na kwa nini wameishia hapo. Jibu la fundi huwa refu na la kupendeza.

Mwisho chokoleti hupashwa joto hadi nyuzi 45 au zaidi, hupozwa hadi 27 au 28, kisha hupandishwa tena hadi 31 au 32 kabla ya kumiminwa. Kupanda na kushuka huko huyafanya mafuta yagande kwa mpangilio mmoja, na ndiko kunakoipa chokoleti mng'ao na mlio inapovunjwa.

Kisha mtakaa kuonja, na hapa nitakaa nawe kwa muda.

Chukua kipande kidogo, kitazame. Uso uwe laini wenye mng'ao. Kivunje karibu na sikio: mlio mkavu ni dalili nzuri, kupinda kimyakimya si nzuri. Kinuse palipovunjika. Kiweke juu ya ulimi, utafune mara mbili tatu tu, kisha kiache. Mafuta ya kokoa huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo kinywa chako kitafanya kazi yenyewe. Pumua kwa pua midomo ikiwa imefungwa. Ladha hazifiki zote kwa pamoja: huanza uchachu au utamu, katikati hujitokeza matunda au njugu, na baada ya kumeza hubaki kitu ambacho kwa chokoleti nzuri hukaa dakika kadhaa. Hicho cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Chokoleti nyingi za kiwanda kikubwa huingia kwa kishindo na kupotea mara unapomeza.

Kati ya kipande na kipande kunywa maji ya vuguvugu, yasiwe ya baridi. Maji baridi hugandisha mafuta kwenye ulimi. Kipande cha mkate mkavu kinasaidia. Anza na nyeusi zenye ukali mdogo, panda kwenye kali, na zenye maziwa au vikorombwezo ziwe za mwisho. Vipande sita vinatosha. Baada ya hapo ulimi huchoka, na unachosema huwa ni cha kukisia.

Mwongozaji atakuambia mnaonja matunda ya porini ya Ulaya, plamu zilizokaushwa, sijui ua gani. Usijilazimishe kuonja usichowahi kula. Kokoa ya Tanzania inajulikana kwa uchachu wake wa matunda, na wewe unayo hazina yako ya kulinganishia: ukwaju, ubuyu, zabibu kavu, embe bichi, juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari guru, asali ya nyuki wadogo. Sema "ukwaju" kwa sauti. Kama hawaujui, waeleze. Nina hakika kwamba maelezo ya ladha yanayobandikwa kwenye pakiti za kokoa yetu yangekuwa sahihi zaidi kama watu waliokulia kwenye ladha hizo wangekuwa mezani mara kwa mara.

Jifunze pia kutambua kasoro, maana nazo zinasimulia. Ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi ni wa kokoa isiyovundikwa vya kutosha. Siki kali inayochoma ni ya kokoa iliyoanikwa haraka mno, asidi ikafungiwa ndani. Harufu ya moshi hutokea mahali ambapo mvua huwalazimisha watu kukausha kwa moto. Ladha ya jivu na uchungu mtupu ni ya kukaanga kupita kiasi, na hiyo ni dhambi ya kiwanda, si ya mkulima.

Kuhusu asilimia, usitishwe nazo wala usizitukuze. Asilimia 70 maana yake ni kwamba sehemu 70 kwa 100 za uzito zimetoka kwenye kokoa, pamoja na mafuta ya kokoa yaliyoongezwa kama yapo, na zilizobaki kwa kawaida ni sukari. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ubora. Nimeonja ya 85 iliyokuwa laini na ya 60 iliyokuwa mbaya. Soma orodha ya viungo badala yake: kadiri ilivyo fupi ndivyo fundi anavyokosa mahali pa kujificha.

Sasa swali ambalo wageni wengi huona aibu kuliuliza: mkulima alilipwa kiasi gani kwa kilo? Uliza, kwa adabu na bila kumung'unya maneno. Mwaka 2024 bei ya kokoa katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kiwango kisichowahi kuonekana, baada ya mavuno kuanguka Côte d'Ivoire na Ghana zinazotoa zaidi ya nusu ya kokoa yote duniani. Piga hesabu. Bapa la gramu 70 la asilimia 70 lina gramu 49 za kokoa. Ukiongeza kinachopotea kwenye makapi na kukaanga, zinahitajika kama gramu 65 za punje. Kwa bei hiyo, yaani dola 10 kwa kilo, hizo ni senti 65. Bapa hilo huuzwa dola 8, 10, hata zaidi. Sisemi kwamba tofauti yote ni faida: kuna mishahara, kodi ya jengo, usafirishaji, siku tatu za umeme wa mashine. Ninachosema ni kwamba kiwanda kidogo kinachomlipa mkulima mara moja na nusu ya bei ya soko hakiongezi hata senti 40 kwenye gharama ya bapa lako. Nafasi ya kulipa vizuri ipo, na wanaoitumia hawafichi. Askinosie wamejijengea jina kwa kugawana faida na wakulima wanaowauzia na kuwafungulia vitabu vya hesabu. Dandelion huchapisha taarifa za kokoa wanayonunua. Kiwanda kinachojisifu kwa picha za wakulima wanaotabasamu huku kikishindwa kutaja bei, mimi sinunui kwake zaidi ya kipande cha adabu.

Uliza pia kama mtu yeyote wa kiwandani amewahi kufika shambani, na lini. Na kama mwongozaji anakosea jina la kijiji au anasimulia Kyela kana kwamba ni msitu usio na watu, mrekebishe kwa upole. Mwambie Kyela kuna vyama vya ushirika, minada ya stakabadhi ghalani na wakulima wanaofuatilia bei ya dunia kwa simu. Wengi hushukuru.

Ukifika wakati wa kununua, usichukue moja ya kila aina. Chukua mabapa mawili yenye asilimia sawa, kokoa za mahali tofauti, kwa mfano Mababu na la nchi nyingine, ili nyumbani mlinganishe shamba na shamba. Ukiwa Marekani, njia nyingine nzuri ni kununua kokoa ya Mbingu iliyotengenezwa na viwanda viwili tofauti, mwone mkono wa fundi unavyobadilisha kitu kilekile.

Nunua mwisho wa safari ya mjini, si mwanzo, maana gari lililoegeshwa juani kwa dakika kumi linatosha kuharibu yote. Kwenye ndege ibebe kwenye mkoba wa mkononi. Dar, Mombasa au Muscat, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka chumba hakishuki chini ya nyuzi 25, hakuna budi kutumia friji: funga pakiti ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kisha ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na vitunguu na samaki. Ukitaka kula, kitoe chombo kikiwa bado kimefungwa, ukiache saa moja kipate joto la chumba ndipo ukifungue. Ukifungua mapema, mvuke utatua juu ya chokoleti na kuyeyusha sukari ya juu. Ukijitokeza utando mweupe, si ukungu na haudhuru. Ni mafuta yaliyopanda juu baada ya joto, au sukari iliyoyeyushwa na mvuke huo. Mng'ao na mlio vitakuwa vimepotea, lakini bapa liyeyushe kwenye maziwa ya moto na iliki kidogo, litafaa kabisa.